Nilivyojifunza kulipima ziwa kuanzia juu hadi chini

Nilianza na kipimajoto, na mtu akiniuliza aanzie wapi kulielewa ziwa namwambia aweke kando kemikali kwanza. Vitabu vingi vya utangulizi vinamtupa msomaji moja kwa moja kwenye pH, naitrojeni na orodha ndefu ya madini. Sasa, ukivipima vyote hivyo kwenye maji uliyoyachota juu juu, unachokijua ni hali ya hapo juu tu. Mita chache chini yake huenda kuna maji yenye tabia nyingine kabisa.

Ziwa nililojifunzia ni dogo, kina chake pale katikati ni mita kumi na kitu. Nilifunga kihisi cha joto kwenye kamba yenye alama kila mita, nikatia nanga, nikashusha taratibu huku nikiandika kila namba. Mita za juu joto lilikuwa lile lile. Kisha likashuka ghafla ndani ya mita moja au mbili, likatulia tena hadi kwenye tope. Sehemu hiyo ya mporomoko ndiyo wataalamu wanaiita themoklini, na ukiijua ilipo, mengine yote yanaanza kueleweka.

Kilichonisumbua ni kwamba tofauti yenyewe ilikuwa nyuzi chache tu. Zinawezaje kuyatenga maji ya ziwa zima? Jibu liko kwenye uzito wa maji. Maji huwa mazito kuliko wakati wote yakiwa karibu na nyuzi 4 za Selsiasi, na kadiri yanavyozidi joto ndivyo kila nyuzi inavyoyafanya mepesi kwa kiasi kikubwa zaidi. Kutoka nyuzi 24 hadi 25, uzito hupungua takriban mara 30 zaidi ya unavyopungua kutoka 4 hadi 5. Ndiyo maana kwenye maziwa ya nchi za joto nyuzi mbili tatu zinatosha kuyafanya maji ya juu yaelee kama mafuta, upepo wa kawaida usiweze kuyachanganya na ya chini. Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinafika mita 1,470, ni mfano mkubwa wa hali hiyo: halichanganyiki hadi chini, na sehemu kubwa ya maji yake ya kina haina oksijeni.

Oksijeni ndiyo niliyoifuata. Sikuwa na mita ya kielektroniki, hivyo nikatumia njia ya mkemia wa Hungaria, Lajos Winkler, ya mwaka 1888, ambayo kwa maoni yangu inafundisha kuliko mita yoyote. Kwanza unahitaji maji ya kina unachokitaka bila kuyachanganya na ya juu. Nilitumia chupa yenye uzito chini, iliyozibwa kwa kizibo kilichofungwa uzi wake. Unaishusha, unavuta uzi, kizibo kinatoka, maji yanaingia. Kwa vile mapovu ya hewa iliyokuwamo yanaongeza oksijeni kidogo, namba za maji ya chini nilizichukulia kuwa kubwa kidogo kuliko hali halisi. Chupa maalumu za kuchotea hazina tatizo hilo. Papo hapo kwenye mashua unatia chumvi ya manganizi, kisha iodaidi iliyo ndani ya alkali. Penye oksijeni panatokea mashapo ya kahawia; isipokuwepo, mashapo hubaki meupe. Chupa za juu zilikuwa kahawia kabisa. Za karibu na tope zilipauka, na nilikuwa nimeshapata jibu kabla ya kutia asidi na kufanya hesabu.

Hesabu nayo ina mpaka wake, kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Usawa wa bahari, maji yasiyo na chumvi yakishiba hewa hubeba takriban miligramu 9 kwa lita kwenye nyuzi 20, na kama 7.5 tu kwenye nyuzi 30. Kwa hiyo namba ya oksijeni isiyoambatana na joto la maji hainiambii kitu.

Chini pakikosa oksijeni, fosforasi (kirutubisho cha mwani) iliyoshikwa na chuma kwenye tope huachiliwa ikarudi majini. Hapo ziwa linajirutubisha lenyewe, hata kama mbolea na maji taka ya nje yamezuiwa. Umuhimu wa fosforasi ulionekana wazi mwaka 1973 huko Ontario, Kanada, mtafiti wa maziwa David Schindler na wenzake walipoligawa kwa pazia ziwa la majaribio liitwalo Ziwa 226. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni, wa pili wakaongeza na fosforasi. Ule wa pili ndio uliogeuka kijani.

Uangavu niliupima kwa sahani ya Secchi, duara la sentimita 20 lenye robo nyeusi na nyeupe, iliyotokana na majaribio ya padre Angelo Secchi baharini mwaka 1865. Unaishusha upande wa kivuli cha mashua hadi ipotee, unaivuta hadi ionekane, unachukua wastani. Kipimo kimoja hakina maana kubwa, ila vikifuatana kwa misimu vinaonyesha mwani ukiongezeka. Tahadhari: matope ya mvua nayo huficha sahani, hivyo angalia na rangi ya maji.

Mambo haya hayajibu kama maji yananyweka. Bakteria wa kinyesi hawaonekani kwenye sahani wala kipimajoto; sampuli ya hao naipeleka maabara kwenye chupa iliyotakaswa, ikiwa kwenye barafu. Na uso wa ziwa ukifanya utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika, sichoti kabisa. Huenda ni sianobakteria, yaani bakteria wanaofanana na mwani, na kuyachemsha maji hayo hakuondoi sumu zao, bali hupasua seli zikaitoa zaidi.