Siku moja maishani mwangu: msituni na panya na kupe

Saa 11 alfajiri tushaingia msituni, tunatafiti ugonjwa wa Lyme, ambao watu wanaupata wakiumwa na kupe. Hapa jimbo la Connecticut, Marekani, mwezi wa 6 jua linawahi kutoka, na mitego tuliitega jana jioni, panya aliyenasa usiku hatakiwi kukaa kwenye kiboksi cha bati mpaka joto lipande. Tunawawekea pamba na nafaka kidogo, lakini bado tunakimbizana na muda.

Saa 12 na nusu, mtego wa kwanza wenye mtu. Panya wa miguu myeupe, macho makubwa, kifua kinapiga haraka haraka. Namshika ngozi ya shingo, nafunua sikio. Pembeni mwa sikio kuna vidoa vyeusi vimejipanga, kila kimoja milimita 1 au 2, ukiwa na haraka utasema ni uchafu. Hao ni nimfu, kupe wa hatua ya pili, na ndio wanaoambukiza watu wengi maana hawaonekani.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kupe akianguliwa hana bakteria wa Lyme kabisa, anaipata kwenye damu ya mnyama anayemnyonya. Sasa angalia ratiba ilivyokaa: nimfu wanatoka mwezi wa 5 na wa 6, wenye bakteria wanamwachia panya, panya mwenyewe wala haumwi, anaendelea na maisha yake, halafu mwezi wa 8 wanaanguliwa kupe wachanga, wanamkuta panya yuleyule, wananyonya na kubeba, mwakani wanakuwa nimfu. Mzunguko umefunga.

Tunachukua kipande kidogo cha sikio cha kupima maabara, tunamwachia palepale tulipomkuta.

Saa 4 umande umekauka, naburuta kitambaa cheupe cha flaneli cha mita 1 kwa 1 juu ya majani makavu. Kila baada ya hatua kadhaa nasimama, nageuza, natoa kupe kwa kibanio na kuwatia kwenye spiriti. Kupe haruki wala hadondoki kutoka juu ya mti, anapanda jani, ananyoosha miguu ya mbele, anasubiri.

Saa 6 kapita baba mmoja na mbwa wake, akauliza, "Mbona msiwamalize tu hao kulungu?" Swali zuri na nalisikia sana. Kulungu ndiye anayelisha kupe wakubwa, jike akishiba anataga mayai maelfu, kwa hiyo kulungu wanaongeza idadi na kuwasambaza, ndege nao wanawabeba mbali zaidi hadi Kanada. Lakini kulungu hawapi kupe bakteria! Kulungu anazalisha jeshi, panya ndiye anayegawa silaha, na ukimlaumu mmoja tu hutaelewa kwa nini ugonjwa unapanda.

Mchana maabara, kuandika lebo na kuhesabu. Bakteria yenyewe aliigundua Willy Burgdorfer mwaka 1981 ndani ya kupe, miaka michache baada ya watoto wa mji wa Lyme, jimbo hilihili, kuvimba magoti bila watu kujua sababu. Jina lake Borrelia burgdorferi limetoka kwake.

Saa 11 jioni narudisha mitego, halafu nyumbani. Nguo zinaingia mashine ya kukaushia kwa moto kabla hata ya kufuliwa, maana kupe maji anayavumilia, ukavu na joto ndivyo vinamuua. Najikagua nyuma ya magoti, kwapani, kwenye nywele. Kupe wa Lyme kwa kawaida anahitaji zaidi ya saa 24 amekung'ang'ania ndipo akuambukize, kwa hiyo ukimtoa leoleo umeshajisaidia sana. Mvute taratibu na kibanio karibu na ngozi, usimchome moto wala kumpaka mafuta.