Kigari cha mbio kutoka kwenye mitumba: pima kwanza, sifia baadaye

Kwenye soko la Kenya hapa Lubumbashi (komini, siyo nchi, nchi yenyewe tutaifikia), vigari vya mbio, yaani modeli ndogo za magari ya mashindano, huletwa vikiwa vimechanganyika na wanasesere wasio na macho na chaja zilizokatika waya. Boksi hakuna, jina la kampuni limefunikwa na vumbi, na muuzaji anakadiria bei kwa kukipima mkononi. Kikiwa kizito anasema ni chuma, na bei inapanda.

Si chuma. Peleka sumaku: itanasa ekseli, bodi itaiacha. Bodi ni zamaki, yaani zinki yenye alumini kama asilimia 4, magnesi chembe tu na, katika aina nyingine, shaba kama asilimia 1. Zinki si mgeni kwetu. Mgodi wa Kipushi uko kilomita 30 hivi kutoka mjini na ni kati ya migodi ambayo mawe yake yana kiwango kikubwa kabisa cha zinki duniani. Ulisimama mwaka 1993, ukaanza kuzalisha tena 2024. Zamaki inayeyuka kwenye nyuzi 385 hivi wakati alumini inataka 660, kwa hiyo kalibu haichoki haraka na mistari myembamba ya milango hutoka safi. Hiyo ndiyo siri ya kigari cha bei ndogo kuwa na sura nzuri.

Sura nzuri, hata hivyo, haitoshi kukipa kigari cha mbio nyota tano. Gari la kawaida likiwa na sura ya Corolla tunasema ni Corolla, imekwisha. Kigari cha mbio kinadai kuwa gari fulani, la mashindano fulani, la mwaka fulani, na dereva fulani ndani. Dai la namna hiyo linapimika, na anayeandika tathmini bila kulipima anatupa maoni yake tu.

Anza tumboni

Kigeuze. Kwenye vigari vya chapa ya Hot Wheels, mwaka ulio karibu na alama ya © ni wa haki ya umbo, si wa kutengenezwa. Kigari kilichoandikwa 1998 kinaweza kuwa kimetoka kiwandani miaka kumi na mitano baadaye, na hapo ndipo wengi wanapigwa bei ya "cha zamani". Tangu 2008 tafuta msimbo mdogo uliopigwa tumboni, herufi moja na namba mbili: herufi ni mwaka, namba ni wiki. Matchbox yenye maneno "Lesney" na "England" ni ya kabla kampuni hiyo haijafilisika mwaka 1982. Bburago ya "Made in Italy" ni ya kabla uzalishaji haujahamia China. Majorette mara nyingi huandika skeli yake tumboni, yaani gari halisi limepunguzwa mara ngapi, na utaona 1/55 au 1/60. Hiyo ni heshima kwa mnunuzi, kwa sababu wengine huacha watu waamini kwamba kila kigari kinachoingia kiganjani ni 1:64.

Kalipa

Chukua kalipa, ile ya mafundi mitambo, upime umbali kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma. Urefu wote wa gari unadanganya kwa sababu bawa na bampa hubadilika kila mbio, lakini umbali wa ekseli haubadilikibadiliki. Ugawe umbali wa gari halisi kwa skeli. Porsche 917K ina milimita 2300 kati ya ekseli: kwenye 1:18 upate 127.8, kwenye 1:43 upate 53.5, kwenye 1:64 upate 35.9. Lancia Stratos ni 2180, kwa hiyo 50.7 kwenye 1:43. McLaren MP4/4 ni 2875, kwa hiyo 66.9. Kwenye 1:43 ninavumilia nusu milimita, kwa sababu nusu milimita hapo ni sentimita mbili na kidogo kwenye gari lenyewe. Ikizidi hapo, mtengenezaji ametumia chasi ya gari jingine au amekibana kiingie kwenye kifungashio.

Formula 1 za kisasa ndizo zinazobanwa kuliko zote. Kanuni za 2022 ziliruhusu hadi milimita 3600 kati ya ekseli, na hizo ni milimita 56 kwenye 1:64. Kigari cha F1 cha enzi hiyo chenye milimita 48 kimefupishwa, na jicho linaliona kabla ya kalipa: pua inakuwa nene, matairi yanakuwa makubwa mno. Kukinunua si dhambi. Kukiita 1:64 kwenye tathmini ni uongo.

Baada ya hapo kiweke juu ya kioo. Kata kipande cha karatasi ya fotokopi, unene wake ni kama milimita 0.1, ukipitishe chini ya kila tairi. Kikipita chini ya tairi moja tu, ekseli imepinda au chasi imejikunja. Kwenye zamaki unaweza kurekebisha ekseli kwa vidole. Kwenye rezini, yaani plastiki ngumu ya kumiminwa kwenye kalibu, kama vigari vya kampuni ya Spark vya 1:43, usijaribu: rezini haina msamaha, kioo cha taa kitaruka kwanza. Kwa njia, rezini utaitambua kwa wepesi wake, kwa kuwa haina ubaridi wa metali mkononi, na kwa milango ambayo haifunguki.

Rangi na namba

Hapa ndipo penye utamu. Chukua hiyo 917K. Iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1970 ni namba 23, nyekundu yenye mistari myeupe, ya Hans Herrmann na Richard Attwood. Iliyoshinda 1971 ni namba 22, ya rangi za mdhamini Martini, ya Gijs van Lennep na Helmut Marko, nayo ilikuwa na mapezi mawili yaliyosimama juu ya mkia. Watengenezaji wa bei ndogo wana kalibu moja, kwa hiyo utakuta namba 23 yenye mapezi, au 22 isiyo nayo. Huhitaji kalipa hapo, itazame kwa nyuma tu.

MP4/4 ya 1988, gari lililoshinda mbio 15 kati ya 16 za msimu ule, ina mtego wake. Namba 12 ni Ayrton Senna mwenye kofia ya njano, namba 11 ni Alain Prost mwenye nyeupe na buluu. Kofia ya njano ndani ya namba 11 ni kosa la kiwandani au ni mtu aliyebadilisha vipande viwili vibovu akapata kimoja kizima. Ukikuta sehemu nyekundu iko tupu, bila neno la kampuni ya sigara, usikate nyota: sheria za matangazo ya tumbaku ziliwafanya watengenezaji wengi waliache. Stika za maji za kujazia, zile zinazoloweshwa kabla ya kubandikwa, zipo. Mtengenezaji mdogo aliyeacha pengo safi ninamheshimu kuliko yule aliyejaza na mistari yake ya kubuni.

Wino wenyewe uangalie kwa lenzi. Uliopigwa kwa pedi ya silikoni umekaa bapa juu ya rangi, na kingo za herufi ni kali. Stika ya maji ina ukingo mwembamba unaong'aa, na ikizeeka ukingo huo unageuka njano. Stika ya karatasi ina kona zinazonyanyuka; hiyo ni ya mtoto, ibanduliwe.

Safari bila snokeli

Sasa nchi ya Kenya. Magari ya Safari Rally yana wapenzi wengi pande hizi, na ndiyo yanayoghushiwa kwa uvivu zaidi. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 na Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara tano: 1973 na Datsun 240Z, kisha minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Ian Duncan alishinda 1994 na Toyota Celica. Colin McRae aliipa Ford Focus WRC ushindi wake wa kwanza hapo hapo mwaka 1999.

Gari la Safari la miaka ile lilinyanyuliwa juu, likavaa vyuma vya kuzuia ng'ombe mbele, taa za ziada na snokeli, bomba la hewa lililopanda kando ya kioo ili injini isimeze maji. Mtengenezaji mvivu anachukua bodi aliyoitoa kwa ajili ya rali ya Monte Carlo, gari la lami na barafu lililokaa chini, anabandika namba za Safari, anauza. Focus ya Safari isiyo na snokeli na vyuma vya mbele ni Monte Carlo iliyovaa shati la mtu mwingine. Pima pia nafasi kati ya tairi na tao la bodi: ya Safari ionekane wazi. Tairi likiwa limezama ndani ya tao, kata nusu ya alama zote, hata rangi iwe nzuri namna gani.

Ugonjwa wa zinki

Kabla ya kulipa, tazama sehemu zisizopakwa rangi ndani ya bodi. Mistari midogo iliyotawanyika kama ufa, rangi iliyovimba bila kukwaruzwa, mlango uliokuwa ukifunguka sasa umekwama, chasi iliyojikunja kama upinde: huo ni ugonjwa wa zinki. Chanzo ni risasi au bati kuingia kwenye zamaki wakati wa kuyeyusha, kiwanda kikichanganya vyuma chakavu. Uchafu huo hukaa kwenye mipaka ya chembe za metali, unyevu na joto vinauchokoza, metali inavimba kutoka ndani. Hauna dawa. Mafuta hayauponyi, gundi haiuzuii. Hauambukizi pia, kwa hiyo usitupe kigari kilichokaa jirani yake. Huwapata sana vigari vya kabla ya vita ya pili ya dunia, ila vya China vya miaka ya 2000 navyo vimo. Miezi ya mvua hapa kwetu, Novemba hadi Machi, ndiyo inayousukuma mbele.

Kuosha vumbi jekundu

Vumbi letu ni kama msasa. Ukifuta kikavu kwa kitambaa, unachora mistari kwenye rangi. Puliza kwanza kwa kile kipira cha kunyonya makamasi ya mtoto, kisha pitisha brashi laini ya vipodozi kutoka paa kushuka chini. Kinachobaki kiondoe kwa pamba ya kijiti iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya vyombo. Usikizamishe: maji yatabaki kwenye ekseli za chuma na kutu italia kupitia rimu. Spiriti ijaribu kwanza tumboni, kwa sababu wino wa pedi mwingine unayeyuka nayo papo hapo.

Ukitaka kukifungua, bodi imeshikwa na ribiti. Piga alama katikati yake kwa msumari mkali, toboa kwa ncha ya mm 2 polepole, kisha mm 3 hadi kichwa cha ribiti kitoke chenyewe. Usizame zaidi. Kukirudisha, toboa nguzo kwa mm 1.6, kata hesi ya M2 (ya skrubu yenye kipenyo cha mm 2), funga kwa skrubu ya M2 yenye urefu wa mm 5. Kuondoa rangi tumia asetoni baada ya kutoa vioo na plastiki yote. Soda kosti, ambayo mafundi wengi hukimbilia, inaila zinki na kuiacha nyeusi yenye vishimo. Siki nayo inaila. Vioo virudishe kwa gundi nyeupe ya mbao. Supaglu hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe ndani ya kioo, na ukungu huo ni mgumu kutoka.

Picha za tathmini zipige kwa mwanga wa dirisha, simu ikiwa nusu mita kutoka kwa kigari, ukikuza mara mbili. Ukiikaribia mno, pua ya gari inavimba na watu watakulaumu kwa kosa la lenzi. Weka rula kwenye picha moja.

Kabati

Watu wengi huenda kwa mafundi wa alumini na vioo watengenezewe kabati. Uliza silikoni gani inatumika. Inayonuka siki inatoa asidi wakati wa kukauka, na asidi hiyo hushambulia zinki. Taka isiyo na harufu hiyo, au kabati likae wazi hadi harufu iishe kabisa kabla hujaingiza kitu. Matairi ya PVC laini yasiguse plastiki ya rafu: mafuta yake huhamia humo, na baada ya miezi tairi linakuwa limezama na kushikana. Nyanyua chasi kwa kipande kidogo ili matairi yaelee, au tandika karatasi ya alumini chini yake. Kabati lisikae ukutani panapopigwa na jua, hasa chini ya mabati mwezi wa Oktoba, na vipakiti vya silika jeli kutoka kwenye boksi za viatu vibadilishwe mvua zinapoanza.