Siku Funguo za Stoo Ziliporudishwa Mezani

Ilikuwa siku ya mwisho wa mwezi ya kuhesabu dawa katika famasia yetu. Kabla hatujafungua kabati la kwanza, msaidizi wangu mzoefu kuliko wote aliweka funguo za stoo mezani. "Dokta, naomba nibaki dirishani tu. Stoo mpe mwingine." Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Jibu nililipata rafuni. Kadi ya haidralazini ya miligramu 25, dawa ya shinikizo la damu, ilisema paketi 40, tukahesabu 38. Mbili zilizopungua zilikuwa zimejificha kwenye haidroksizini, dawa ya mzio, yenye miligramu zile zile, jina linalokaribiana, na boksi ambalo ukilitazama kwa haraka huoni tofauti. Zilipangwa jirani kwa sababu rafu ilifuata alfabeti. Wiki mbili kabla, yeye huyo huyo alikuwa ameniomba tuzitenganishe. Nilimjibu kwamba alfabeti ni alfabeti.

Nikafungua daftari la makosa yaliyonaswa kabla dawa haijamfikia mgonjwa. Kwa miezi 3 halikuwa na hata mstari mmoja. Nilikuwa nikijivunia weupe ule! Famasia yenye foleni haiwezi kukaa miezi 3 bila mtu kuchukua boksi lisilo lake. Ukiona daftari jeupe, jua watu wanaficha. Na walificha kwa sababu safu ya kwanza niliyoichora ilikuwa ya jina la aliyekosea.

Safu ile tuliifuta. Tukabakiza saa, dawa, hatua ambapo kosa lilinaswa, na kilichokuwa kikiendelea wakati huo. Baada ya wiki chache sura ikajitokeza: mengi yalitokea saa za foleni, anayehesabu vidonge anapoinuka kupokea simu na kurudi asikumbuke alifika ngapi. Simu ikahamishwa mbali na meza ya kuhesabia, na aliyeshika sahani ya vidonge akawa haitwi mpaka afunge kopo.

Kisha nikagawa rafu. Kila msaidizi akawa na yake: yeye hupanga zinazokaribia kuisha muda mbele, hubandika alama kwenye boksi lililobakiza chini ya miezi 3, na hupendekeza kiasi cha kuagiza. Mimi nasaini, nikibadilisha tarakimu, nampa sababu. Dirishani hakuna anayekaa zaidi ya saa 2 mfululizo, maana matusi ya foleni huchosha kuliko kubeba maboksi.

Gumu zaidi kwangu lilikuwa kuacha kurudia kuhesabu vidonge vya mwenzangu mbele ya mgonjwa. Sasa nakagua jina la dawa, nguvu yake na lebo dhidi ya cheti cha daktari, basi. Dawa zinazodhibitiwa bado huhesabiwa na watu wawili, na mimi nikiwemo, kwa hiyo hakuna anayejiona anashukiwa peke yake.

Zawadi ya mfanyakazi bora wa mwezi niliifuta pia. Ilimfurahisha mmoja na kuwanunisha wanne. Mishahara haikuwa mikononi mwangu, lakini ratiba ya zamu ilikuwa, nikaanza kuibandika wiki 2 mapema badala ya Ijumaa jioni.

Funguo zilikaa mezani kwangu siku 9. Siku ya kumi, haidralazini ilipohamia rafu nyingine na kubandikiwa lebo yenye sehemu inayotofautisha jina kwa herufi kubwa, nikakuta mezani pako wazi.

Hesabu ya mwezi uliofuata haikuwa safi. Kadi ya parasetamoli ilipishana na rafu kwa makopo 10: mtu alijumlisha vibaya wakati wa kupokea mzigo. Kosa liliandikwa daftarini kwa mwandiko wa msaidizi wangu, bila jina, ingawa mzigo ule niliupokea mimi.