Pipa la bluu: nilivyomhudumia rubani aliyekwama Kigoma

Kazi yangu ni boti. Napeleka wageni Gombe, nawarudisha, basi. Ndege nilikuwa naziona zikipita juu tu, mpaka Novemba moja mama mwenye gesti pale Mwanga aliponipigia simu: "Mwanangu, nina mzungu hapa, mtu mzima, ana ndege yake na hana mafuta. Njoo uongee naye, mimi Kiingereza changu kinaishia kwenye chai."

Nikamkuta babu wa miaka sitini na kitu, ametandaza ramani kitandani. Alikuwa anaizunguka dunia na Cessna 172, ile ya viti vinne na injini moja. Alitoka Entebbe, akapitia Mwanza kugonga paspoti, na Kigoma alipanga kulala usiku mmoja, ajaze mafuta, kesho yake Ndola, Zambia. Alilala kumi na mmoja.

Vijana wa bodaboda waliuliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo: kwani sheli hamna? Ndege kubwa zinazotua kwetu zinatumia Jet A-1, ndugu yake mafuta ya taa. Kandege kake kalikuwa ka pistoni, kanataka avgasi, petroli ya oktani 100 yenye madini ya risasi ndani. Petroli ya sheli, kwenye joto na juu angani, inaweza kugeuka mvuke ndani ya mabomba kabla haijafika kwenye injini. Zipo injini ndogo zilizoruhusiwa kuitumia, yake haikuwemo.

Avgasi alikuwa ameshailipia tangu kwao. Kampuni moja ilimhakikishia kuwa pipa linamsubiri Kigoma, na kweli tulilikuta. Nikajua kazi imekwisha, nikaanza kuwaza hela yangu. Babu akachota kidogo kwenye chupa ya jamu, akaiinua kwenye jua. Avgasi aliyoihitaji hutiwa rangi ya bluu, kama maji ya kusuuzia shati la shule. Haya yalikuwa meupe, yana unjano kwa mbali. Akaniomba karatasi, nikachana kwenye kitabu changu cha risiti, akadondosha tone moja. Avgasi ingekauka na kupotea. Lile tone likatanda, likabaki doa la mafuta, kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Jet A-1. Angeijaza ile, injini ingemzimikia juu ya ziwa.

Hakufoka. Alirudisha kizibo, akaandika JET kwa choki ubavuni mwa pipa ili lisije likamponza mwingine, kisha akauliza chakula cha mchana ni wapi. Tukala migebuka. Hapo akanihadithia habari za Zara Rutherford, binti wa miaka 19 aliyeanza kuizunguka dunia peke yake na ndege ndogo mwaka 2021, akamaliza Januari 2022. Alipanga miezi mitatu, ikawa mitano. Kule Nome, Alaska, tu alikwama wiki kadhaa. Nikamwambia sisi hapa tuna meli, Liemba. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiinua 1924, na baada ya hapo ikabeba babu zetu. Siku hiyo ndiyo alicheka mara ya kwanza.

Sasa nilivyofanya. Kumbe mafuta hayakuwa shida kubwa kuliko karatasi. Kibali chake cha kupita Zambia kilikuwa cha saa 72, na cha nchi inayofuata kilihesabiwa kutoka hicho. Kimoja kikifa, vyote vinafuatana kaburini. Yeye kila akiahidiwa mafuta alikuwa anakimbilia kuomba tarehe mpya. Mara mbili kaomba, mara mbili zimekufa mkononi. Nikachukua kalenda ya mama wa gesti, nikamwambia: babu, haombwi mtu tarehe mpaka pipa jipya lipite Uvinza, na liwe limeonwa kwa macho.

Shemeji yangu wa Dar alikwenda mwenyewe kwa muuzaji mwingine, akafungua, akaona bluu, akapiga picha ya lebo na lakiri. Lori lenye kibali cha kubeba mafuta likaondoka. Dereva nilimwomba anipigie akiwa Nzega, Kaliua na Uvinza. Simu ya Kaliua ilichelewa siku nzima. Hiyo siku sikuwa na raha, lakini babu simu hakugusa.

Huku nyuma kulikuwa na upepo. Mvua za Novemba zikija kutoka ziwani zinaanza na dhoruba, na ndege nyepesi hivyo inaweza kupinduliwa kama mwavuli. Vigingi vyake vilikuwa vinang'oka kwenye udongo uliolowa. Nikashuka Kibirizi kuazima kamba za mitumbwi na nanga mbili, nikaja na wavuvi wawili wazifunge wao. Babu alizungukia yale mafundo, akayavuta, akarudi kukaa. Ile kofia ya kuziba mrija unaopima mwendo ilipeperuka usiku, tukavalisha soksi. Soksi ilisaidia pale tu. Siku ya tisa alikuta nyigu wameanza kujenga kwa tope kwenye kitundu cha kupumulia tangi la mafuta. Kikiziba hicho, mafuta yanagoma kushuka. Alitumia asubuhi nzima na kijiti.

Dereva akapiga kutoka Uvinza siku hiyo jioni. Barua ya kibali ikaondoka usiku, jibu likaja kesho yake mchana. Pipa tuliliacha litulie usiku kucha ili maji, kama yamo, yakae chini. Tukaliunganisha na ndege kwa waya kuzuia cheche, tukachuja, tukachota tena kwenye chupa ileile ya jamu. Bluu.

Siku ya kumi na mbili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akaruka, akafuata ziwa kusini. Alasiri ukaingia ujumbe: amefika Ndola, na huko pampu ni mbovu, wamemwambia kesho.

Kamba nilizirudisha Kibirizi jioni. Moja ilikuwa inanuka petroli, wakanitoza soda mbili.