Senti Ishirini ya Marehemu

Mjomba wangu alikuwa fundi saa Ngamiani, Tanga, na likizo zangu za sekondari zilikuwa zikiishia kibandani kwake, nikifagia, nikipokea wateja na kumshikia taa. Watu walimletea na visivyokuwa saa: miwani, heleni, sarafu za zamani. Alikuwa na lenzi, na alikuwa na subira. Nadhani sarafu alizipenda kuliko saa.

Mwaka 1998 alikuja bibi mmoja kutoka Pangani, amefuatana na mjukuu wake wa kiume, rika langu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa, akafungua fundo la kanga. Mlikuwa na sarafu mbili. Moja ni senti kumi ya Afrika Mashariki ya enzi za mkoloni, ile pana yenye pembe mbili za ndovu, ila katikati, mahali pa tundu, pamezibika. Ya pili ni senti ishirini ya mwaka 1966, mbuni upande mmoja na Mwalimu upande wa pili. Hii ukingoni ilikuwa na pengo la mviringo, kana kwamba imeng'atwa.

Mnunuzi wa vitu vya kale aliyepita kwao alikuwa ameisifu sana ile isiyo na tundu, akisema imetoka hivyo kiwandani. Ile ya pengo aliisukuma kando: imekatwa na mtu, haina maana. Lakini bibi hakufuata bei. Marehemu mumewe alikuwa kuli bandarini, na ile senti ishirini aliipata ndani ya mshahara wake, ikiwa vile vile na pengo lake. Alilisimulia jambo hilo mpaka uzeeni, na wanawe wakawa wanamcheka kwamba kaikata mwenyewe apate la kusimulia. Sasa na mnunuzi naye kasema imekatwa.

"Nataka kujua tu, fundi," bibi alisema. "Mzee wangu alisema kweli, au hakusema?"

Mjomba alianza na senti kumi. Aliiangusha juu ya kioo cha meza, kisha akaangusha nyingine ya tundu aliyoitoa kwenye droo. Ya droo ililia. Ya bibi ilitoa mlio mfu. Akaiweka chini ya lenzi, akaniita nitazame. Kuzunguka pale katikati kulikuwa na mstari mwembamba sana, umeingia kutu ya kijani, na juu yake mikwaruzo ya tupa iliyokwenda upande mmoja. Akatueleza kwamba sarafu za namna ile kisahani chake, yaani kile kipande cha madini kabla hakijawa sarafu, hutobolewa kwanza, ndipo kikapigwa chapa. Kikipita bila kutobolewa, katikati hubaki madini yale yale, hapana mpaka wowote. Penye mpaka pana kiraka. Nikamuuliza kwa nini hakuipima kwenye mizani. Akasema mizani isingetusaidia, maana yenye kiraka na isiyotobolewa zote mbili zingezidi uzito wa kawaida. Jibu hilo lilinikaa, kwa sababu mimi ningekimbilia mizani.

"Hii imezibwa," akamwambia bibi, akairudisha juu ya kanga. Mjukuu alinuna, nyumbani walikuwa wameshaanza kuipangia matumizi.

Kwenye senti ishirini alikawia. Aliigeuza, akaitazama ubavuni, akairudia. Mimi nilikuwa nalikodolea macho pengo lenyewe, nikitafuta alama ya mkasi. Mjomba akanigusa mkono. "Huko kila mtu anatazama. Tazama ng'ambo ya pili."

Nilitazama ukingo wa upande unaolikabili pengo. Sarafu nzima ina ule ukuta mdogo ulioinuka pembeni, unaousikia kwa kucha. Hapo, mkabala kabisa na pengo, ukuta ulikuwa umelala, karibu haupo, kisha ukainuka tena taratibu kulia na kushoto. Madini hayakuwa yamekwaruzwa wala kusuguliwa. Ulikuwa haujainuka tangu mwanzo.

Akamgeukia bibi, akamweleza kwa mfano wa jikoni. Kiwandani visahani hukatwa kutoka kwenye bamba refu, kama biskuti zinavyokatwa kwa glasi kwenye unga uliosukumwa. Bamba lisiposogea sawasawa, kikato kinaangukia sehemu palipokwisha kukatwa, na kisahani kinatoka na pengo la mviringo. Kisha visahani hupita kwenye mashine inayovibana pembeni ili ukingo uinuke. Kisahani chenye pengo kikifika hapo, upande mmoja hauna cha kubanwa, basi na upande wa pili haupati nguvu ya kuinuka. Halafu ndipo chapa inapigwa. Alimwonyesha na herufi zilizo karibu na pengo: zimefifia na kuvutwa kuelekea huko, kwa kuwa madini yalipopigwa yalipata nafasi ya kukimbilia. Mkasi ungekuja baadaye, sarafu ikiwa imekwisha kukamilika. Herufi zingekatika wima, makali yangebaki, na ukingo wa ng'ambo ungesimama mzima.

"Mkasi haufiki ng'ambo ya pili, bibi. Hii ilitoka hivi kiwandani."

Hakumdanganya kuhusu bei pia. Makosa ya pengo hutokea mara nyingi, alisema, na wakusanyaji hawayalipii fedha nyingi. Nampenda mjomba kwa hilo mpaka leo, maana pale angeweza kusema lolote.

Bibi hakuuliza bei. Alimshika mjukuu mkono, akamketisha kwenye kigoda changu, akamwamuru atazame kwa lenzi. Kijana akatazama muda mrefu, akalikuta lile bonde la ukingo bila kuonyeshwa, akasema polepole, "Kweli, bibi, huku pamelala."

"Utawaambia baba zako."

Kisha akanitaka mimi, niliyekuwa na kalamu, nimwandikie maneno ya fundi kwenye karatasi ya stakabadhi, kwa sababu hitima ya mumewe ilikuwa karibu na wanawe wote wangekuwepo. Mjomba alitamka, nikaandika: pengo, ukingo wa ng'ambo, herufi zilizovutwa. Bibi akanirudishia karatasi mara moja tu, niongeze mwaka wa sarafu na neno "bandarini".