Zile njiti zilikuwa mpya?

Juzi umeme ulikatika tena, saa mbili usiku, ugali ukiwa bado jikoni. Mama watoto akawasha njiti ya kiberiti, ikafanya fsss, ikazimika. Akawasha ya pili, vilevile. "Hiki kiberiti kimeingia unyevu," akasema. Kitindamimba wetu akaucheka ule mlio, akataka urudiwe. Mimi nilinyamaza gizani. Harufu ya njiti iliyokataa hunirudisha mahali pamoja tu: nyuma ya kichuguu, porini kusini mwa Sikonge, mkoani Tabora, mwaka 1986, babu kapiga goti mbele yangu na gobore begani.

Habari za babu na mizinga yake ya nyuki nimeshazisimulia mpaka mmechoka. Ya gobore sikuwahi kuigusa.

Lilikuwa jembamba. Mtutu wake, kwa maneno ya babu mwenyewe, ulitokana na rodi ya usukani wa Land Rover iliyofia njiani, mhunzi akamalizia. Kidole changu cha shahada kiliingia kwenye tundu, cha babu kiligoma. Ndani palikuwa laini kama chupa, kwa hiyo lilikula chochote: ukitaka kanga unalilisha marisau, zile punje ndogo za risasi, ukitaka nsya, yule swala mdogo wa vichakani, unalipatia gololi moja. Mjomba, aliyekuwa na gobore pana, alilicheka na kuliita filimbi. Babu hakujali. Filimbi yake ilikula baruti kidogo, na baruti ilikuwa shida. Leseni? Hapo tusiulizane.

Ilianza kuingia baruti, kipimo chake kifuniko cha chupa ya dawa. Zikafuata nyuzi za gome la mti, zikashindiliwa kwa mdeki mpaka mdeki uruke wenyewe mkononi. Halafu gololi, halafu nyuzi tena kidogo ili isije ikadondoka ukiinamisha mtutu. Tatizo lilikuwa fataki, kile kilipuzi kidogo kinachogongwa na nyundo ili kuwasha baruti. Miaka ile ziliadimika kama sabuni, kwa hiyo babu alikwangua vichwa vya njiti za kiberiti, ule unga akaufungia kwenye karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akakunja kitu kama kofia ndogo, akakivalisha kile kinundu chenye kitundu kilicho chini ya nyundo. Ndiyo fataki yetu.

Kazi yangu mimi, darasa la tano, ilikuwa kutunza kiberiti. Kipya, hakijafunguliwa, cha kazi hiyo tu.

Sasa, waliokulia vijijini wanaujua mchezo wa spoku. Unachukua spoku ya baiskeli na nati yake, unajaza vichwa vya njiti ndani ya nati, unachomeka msumari, unabamiza kwenye jiwe: paa! Wiki ile mimi ndiye niliyekuwa tajiri wa kisimani. Kufika Ijumaa nilibaki na ganda. Nikaingia jikoni kwa bibi, nikachota njiti za kiberiti chake kilichokaa siku zote juu ya mfuniko wa mtungi wa maji, nikazipanga kwenye ganda langu. Ganda jipya, njiti za mtungini. Nikajiona mjanja kweli.

Jumamosi tuliondoka alfajiri. Tulitembea sana, mbung'o walitula sana, kanga tuliwasikia hatukuwaona. Jua lilipoanza kuchoka tukafika kwenye mbuga iliyochomwa moto wiki chache nyuma, majani mabichi yameanza kuchomoza kwenye majivu.

Nsya alikuwa pale, dume, hatua kama 25. Anang'ata, anainua kichwa, anang'ata. Babu alikuwa akisogea pale tu anapoinamisha kichwa, na mimi naweka mguu wangu kwenye alama ya mguu wake. Tukafika kwenye kichuguu. Babu akapiga goti. Nsya akatuona, lakini hakukimbia. Alisimama ubavu, mguu mmoja wa mbele kauning'iniza hewani, kama mtu aliyesahau anakwenda kuchukua nini. Niliuona ule mstari mweusi unaoshuka usoni mpaka puani, pua yenyewe mbichi, inang'aa. Niliona kishungi cha nywele katikati ya pembe. Babu akavuta.

Ta. Kisha fsss.

Uzi wa moshi mweupe ukapanda. Harufu ya kiberiti. Halafu kimya.

Babu alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: likikataa, usilishushe. Akabaki vilevile, shavu kwenye kitako. Mbung'o alikuwa ametua shingoni mwake, namwona kabisa anavyozama kwenye ngozi, na babu hatikisiki. Kule mbele sikio moja la nsya likageuka, moja tu, kuufuata ule mlio. Pengine zilikuwa sekunde mbili. Mimi moyoni nilikuwa namwomba nsya akimbie. Si kwa huruma, nisiwadanganye. Akikimbia, siku inakwisha, na hakuna atakayeuliza kitu.

Akageuka. Alipogeuka ndipo gobore likalia.

Moshi ulipopungua hakuwepo. Kwenye majivu palikuwa na kwato zilizoteleza, na hatua chache mbele tone la damu juu ya jani, dogo, kama la sindano. Tulifuata matone yale mpaka hayakuonekana tena, babu akitembea kwa magoti mwishoni, anageuza jani moja moja. Giza likatufukuza. Kesho yake tulirudi, hatukupata kitu. Keshokutwa alikwenda peke yake.

Lakini ule usiku wa kwanza, tukiwa njiani kurudi, mimi mbele yeye nyuma, aliuliza, taratibu tu:

"Mume mwenzangu, zile njiti zilikuwa mpya?"

"Mpya, babu."

Tukatembea kidogo.

"Basi ni hili gobore."

Nyumbani bibi alituwekea matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Babu hakula.

Sijui kama njiti nzuri zingebadilisha chochote. Fataki za kukwangua hukataa hata zikiwa za kiberiti kilichofunguliwa asubuhi ileile; nimejiambia hivyo miaka mingi, na kuna siku naamini.

Mwaka 1989 ilipokuja Operesheni Uhai, ile ya kuwasaka majangili na silaha zao ili kuwanusuru tembo, babu hakusubiri kufuatwa. Lile gobore tembo angelicheka kuliko mjomba, lakini amri ni amri. Alilifunga kwenye shuka, tukalipeleka kwa baiskeli. Aliyekuwa akiandikisha aliuliza jina, kijiji, aina ya silaha. Babu akajibu yote, kisha hakuondoka.

"Andika na hili, mwanangu. Lina tabia ya kuchelewa. Linaweza kukaa kimya ukadhani limekataa, kisha likalia. Msije mkaumizana."

Yule kijana akacheka, lakini aliandika. Babu akainama kuangalia kama kweli imeandikwa, ingawa hakujua kusoma. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika baiskeli, nimetazama chini kwenye gurudumu, kwenye ile spoku moja iliyokosa nati.