Draiva ya Wi-Fi iliyogoma Mwanga

Mwanzoni mwa 2021, msimu wa matokeo ya kidato cha nne, mama mmoja mwenye steshenari pale Mwanga, Kigoma, alinipigia simu asubuhi na mapema. "Mwanangu, mtandao hamna, na watu wamejaa mlangoni." Nikadandia bodaboda kutoka Ujiji.

Kompyuta yake ilikuwa ya mezani, ya mtumba, nimemwekea Ubuntu 20.04, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Wi-Fi aliipata kwa kidude cha USB cha bei chee, kile ambacho draiva yake, yaani programu ya kukiendesha, haimo ndani ya Linux. Unashusha kodi, yaani maandishi ya programu, na kuikompaili mwenyewe, yaani kuigeuza iwe programu inayoendeshwa na mashine. Mashine ilikuwa imejisasisha, kerneli, kile kiini cha mfumo, ikatoka toleo la 5.4 ikaenda 5.8, na draiva ikaachwa nyuma.

Nilichomeka simu yangu kwa waya, nikashusha heda za kerneli mpya, faili ambazo draiva huzihitaji ili ikompailiwe, kwa bando langu, nikaandika make, amri ya kukompaili. Skrini ikafurika. Mama akainama, akasoma kwa sauti, "Error, error, error," halafu akaniangalia kama anayemjulia hali mgonjwa mahututi.

Mimi huwa napanda juu hadi kosa la kwanza, maana mengi ya chini huzaliwa na hilo. La kwanza lilisema kitu cha nne kinachopewa proc_create_data, kazi ya kerneli ya kuunda faili za /proc, si cha aina inayotakiwa: ilingojewa proc_ops, imepewa file_operations.

Hapo nikapumua. Tangu Linux 5.6, iliyotoka Machi 2020, faili za /proc, folda ambamo kerneli hutolea taarifa zake, zina muundo wao wenyewe, proc_ops, wa kutaja kazi za kuifungua faili, kuisoma na kuiandika. Zamani zilitumia file_operations, ambao ulizidi kunenepa kwa vipengele ambavyo /proc haina kazi navyo. Wenye Linux hujitahidi sana programu za kawaida zisivunjike. Draiva iliyo nje ya kodi yao itajijua. Wapo watakaokushauri urudi kerneli ya zamani. Itakubali, ndiyo, ila hapo hujatengeneza kitu, umeahirisha tu.

Nikafungua faili yenye muundo ule. Chini ya sharti la KERNEL_VERSION(5,6,0), yaani kwa kerneli za kuanzia 5.6, nikaandika proc_ops: .open ikawa .proc_open, .read ikawa .proc_read, .llseek ikawa .proc_lseek, .release na .write vivyo hivyo. Mstari wa .owner nikauacha nje, kwani proc_ops haina nafasi yake. Kerneli za zamani nikaziachia muundo wao chini ya #else, yaani "vinginevyo". Make tena, kimya, faili ya .ko, draiva iliyokamilika, ikazaliwa. Nikaisajili kwenye DKMS, mtambo wa kukompaili draiva upya, ili kerneli ikibadilika ijikompaili yenyewe.

Taa ya kidude ilipowaka, foleni ikaanza kusogea. Nikataja elfu kumi.

"Baba, nimekuona kwa macho yangu, umebadilisha vimaneno tu!"

"Shida kuvijua, mama."

"Elfu saba, na dagaa nakufungia."

Nikachukua.